Manowari Anthippi na Jina la Baba

Jumanne, 14 Aprili 1981

Imeamuliwa! Kamati ya bandari itasimamisha jiwe la marumaru kuwakumbuka mabaharia wa manowari Anthippi, iliyozamishwa na ndege za Wajerumani hapa ghubani kwetu miaka arobaini iliyopita. Majina ya waliokuwa kazini siku ile yatachongwa. Baba yangu, Yorgos Vourlis, mpiga mzinga, hayumo kwenye orodha. Nimeuliza kwa nini. Sotiris mfamasia, katibu wa kamati na adui yangu tangu darasa la pili, akajibu mkahawa mzima ukisikia: mabomu yalipoanguka, baba alikuwa nchi kavu. Mtoro! Baba aliishi na neno hilo hadi kaburini na hakuwahi kulijibu. Nitalijibu mimi, hata kwa ushahidi wa kweli ikibidi.

Sotiris anaandika kitabu juu ya manowari hiyo. Ana rekoda ya kaseti. Mimi nina daftari, na miaka thelathini ya kupokea simu za maandishi posta.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimempata shahidi! Stamatis Kouvaras, mtia makaa wa Anthippi, wa mwisho aliye hai. Anaishi kijiji cha juu mlimani. Sotiris naye kanusa kitu. Akaniuliza kama namjua mtu wa jina hilo. Nikavua kofia, nikasema masikini, amezikwa wiki jana. Hata jicho nikalifuta. Mke wangu Katina aliposikia akasema iko siku ulimi wangu utaniponza. Katina haelewi utafiti.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimepanda mlima na kilo moja ya halua, maana ni Kwaresima na mzee hali mayai wala maziwa. Magoti yamelia njia nzima. Nikamkuta Stamatis Kouvaras uani kwake anachambua maharage. Mtu mpole sana! Nikamuuliza kama baba alikuwa kwenye mzinga. Akasema bila shaka. Alipiga hadi dakika ya mwisho? Hadi ya mwisho kabisa, mwanangu. Kama simba? Simba ana nini, akasema, akakata kipande kingine cha halua. Kurasa kumi na nne! Nilikwisha kuiona sura ya Sotiris.

Wakati wa kuaga nikamuuliza manowari ilizama kwa ubavu gani. Akaniuliza manowari gani.

Haya. Babu yao aliitwa Stamatis Kouvaras. Alizaa wana wanne. Kila mmoja akampa mtoto wake wa kwanza wa kiume jina la babu, kama ilivyo desturi. Kina Stamatis Kouvaras wanne, kijiji kimoja! Mimi mwenyewe mwanangu anaitwa Yorgos, nilipaswa kulifikiria hilo. Huyu wangu ni mchunga mbuzi, hata mashua hajawahi kupanda. Nikamuuliza basi kwa nini alinikubalia yote. Akasema aliniona natamani sana, na halua ilikuwa nzuri.

Na yule wa manowari je? Akanionyesha kwa kidole mlango wa tatu. Ila nisubiri kidogo, akasema, ana mgeni. Mfamasia wa mjini kaja na maua kuwapa pole wafiwa, na aliyemfungulia mlango ni marehemu mwenyewe.

Vicheko vyao nilivisikia hadi uani.

Jumamosi, 18 Aprili

Jumamosi ya Lazaro! Katika siku zote za mwaka! Mkahawani wamenipokea kwa kuniuliza nimemfufua nani leo. Mwenye mkahawa akaniuliza kama yeye yuko hai bado, au asitoe vikombe. Kahawa nimeiacha nusu.

Jumapili ya Matawi, 19 Aprili

Sotiris kaja nyumbani na rekoda yake. Nikajua amekuja kunimaliza. Akaiweka mezani, akasema, “Pandelis, kaa chini kwanza.”

Sauti ya Mzee Stamatis, yule wa manowari. Siku ile ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Yorgos, sikukuu ya jina la baba. Na mwenye jina ndiye huwakirimu wenzake. Melini hamkuwa na kitu ila dengu. Baba akateleza nchi kavu alfajiri, bila ruhusa, kuwatafutia wenzake biskuti za lozi. Ndege zikaja. Watu wote wakakimbilia mlimani. Baba akachukua mashua ya watu na kupiga makasia kuelekea kwenye moto. Akatoa watu saba majini. Stamatis alikuwa wa nne. Biskuti bado zilikuwa ndani ya shati la baba, zimelowa chumvi. Walizila.

Kwa nini hakusema? Kutoka bila ruhusa vitani adhabu yake ilikuwa risasi. Halafu, alisema Stamatis, baba aliona aibu kuwa hai kwa sababu ya biskuti.

Nimelia. Nimelia mbele ya Sotiris! Yeye akageukia dirisha, akalalamikia vumbi. Kisha akasema yeye mwenyewe atalipeleka jina la baba kwenye kamati: Yorgos Vourlis, aliwaokoa saba. Nimemfungulia mvinyo niliouficha hata Katina asiujue.

Jumatatu, 20 Aprili

Kamati imekubali! Mkahawani wamesimama wote kunipa mkono. Wakaniomba niwasimulie. Nikawasimulia.

Ya biskuti nikaipita haraka. Mashua nikaikuza kidogo. Sasa mashua kubwa hivyo, watu saba? Wakawa kumi na saba. Kisha ndege moja ikashuka chini mno, na baba alikuwa na kasia mkononi. Ndege moja tu! Sikutaka kupita kiasi.

Sotiris akashika kichwa. Akanivuta pembeni, akanisihi: kamati wakilisikia hilo la kasia watalifuta jina lote, na baba atarudi kuwa mtoro. Wivu huo, tangu darasa la pili.

Nimemwambia mchonga mawe aache nafasi chini ya jina la baba, ya ndege ndogo tu. Kinachokosekana sasa ni shahidi.