Mwandishi Anayesoma Miswada Hadi Ukurasa wa Mwisho

Ofisi ya Mbunge wa Kaunti ya Tolliver,
Bunge la Jimbo.

Kwako Bwana Mhariri Lindqvist,

Natumaini barua pepe hii itakukuta u mzima. Sisi huku Bungeni tungekuwa wazima pia, lau si mwandishi wako wa habari za Bunge, Bi. Corrine Haskett. Kwa heshima na taadhima naomba umhamishie ukurasa wa mapishi. Sababu zangu ni hizi:

1. Bi. Haskett anasoma miswada. Simaanishi kichwa cha mswada na jina la aliyeuleta, kama wasomavyo watu wenye adabu. Anasoma yote, kurasa mia tatu na kumi na mbili, kalamu nyekundu mkononi. Mimi nina miaka kumi na tisa Bungeni na sijawahi kuufanyia mswada wowote uonevu wa namna hiyo. Ule wa Kuboresha Afya Vijijini ulikuwa umepita vizuri, bila makelele, mpaka yeye alipochimbua ukurasa wa 288 na kukuta tumefunga wodi za wazazi katika kaunti kadhaa, ya kwetu Tolliver ikiwemo. Zamani waandishi hapa walikuwa saba. Magazeti yao yakawaondoa mmoja mmoja, tukaanza kupumua. Amebaki huyu tu.

2. Anahesabu viti. Siku ya kuupigia kura mswada huo na mingine kumi na mitatu nilikuwa ziwani, kwenye ufunguzi wa msimu wa kuvua kambare, shughuli muhimu kwa wapiga kura wangu. Jirani yangu wa kiti, Mheshimiwa Wendell Crabtree, akanibonyezea kitufe changu cha kura, kama nami nimbonyezeavyo chake anapokwenda kwa daktari wa meno. Ujirani mwema huo tumeurithi kwa waliotutangulia. Bi. Haskett akaandika kwamba nilipiga kura ya "ndiyo" mara kumi na nne nikiwa maili tisini kutoka kitini. Mwingine angesifu uchapakazi!

3. Ananinukuu. Alinisimamisha koridoni akauliza, "Mheshimiwa, ukurasa wa 288 uliusoma lakini?" Nikamjibu, "Dada yangu, nikisoma kila kitu, muda wa kutunga sheria nitautoa wapi?" Kesho yake maneno hayo hayo yakatoka gazetini, bila kupunguza hata nukta. Nimemlalamikia Spika kwamba nimenukuliwa kwa usahihi. Akanipa pole, maana yeye yalishamkuta.

4. Amewaharibu wapiga kura wangu. Nilikuwa nikiingia mgahawani kwa Opal naulizwa habari za mke na za mvua. Jumamosi iliyopita Opal alinitupia sahani mezani, akasema watu wote wakisikia, "Haya kula, Verlon. Au tumwite Wendell akutafunie?" Alicheka mpaka mchungaji. Iliniuma, Bwana Mhariri, sikufichi. Watu hawa nimewazika wazazi wao.

5. Kiti chake kwenye meza ya waandishi naomba apewe kijana mmoja muungwana wa kampuni inayomiliki hospitali zetu. Amejitolea kuandika habari za Bunge bure, na za mwezi ujao tayari amekwisha kuziandika.

Ukinikubalia, utakuwa umeilinda demokrasia dhidi ya watu wanaoikodolea macho.

Nisalimie mkeo na watoto, mafundi wa mitambo, na yule mzee wa mlangoni. Hata Bi. Haskett msalimie, sina kinyongo naye.

Wako katika kuwatumikia wananchi,
Verlon T. Stubblefield,
Mbunge.

Nyongeza: Usimhamishe. Kabla sijaituma barua hii mke wangu amepiga simu. Binti yetu Janelle ameshikwa na uchungu, wiki tatu kabla ya siku zake kutimia, na wodi ya Tolliver ina kufuli. Wamo garini njia panda, hawajui waelekee mashariki au magharibi. Nimemuuliza Wendell, nimemuuliza Spika, nimeuliza Wizara ya Afya. Hakuna ajuaye sheria yetu imebakiza wodi gani wazi. Simu ya ofisi yako inaita tu, haina wa kuipokea, na nambari ya Bi. Haskett niliifuta kwa hasira. Nakusihi, kaka, mwambie anipigie sasa hivi. Ni yeye peke yake aliyeisoma sheria yetu.