Kasha la Kioo Lisilo na Tundu

Jumatatu, Mei 18

Mzee Ou amestaafu. Miaka ishirini na sita alikuwa Mkuu wa Ubunifu hapa kiwandani kwetu Xinzhuang, tunakotengeneza makasha ya kompyuta za mezani. Leo kaagwa kwa keki. Watu wamelia. Mimi sikulia, nilikuwa nakitazama kiti chake. Kipo dirishani, chini ya kiyoyozi, na kina pa kuegemeza shingo.

Mimi nimekuwa namba mbili kwa miaka kumi na tisa. Shingo yangu inajua.

Mchana Bi Hsiao, mwenye kiwanda, katuita wawili: mimi na Shu-Ting. Huyu Shu-Ting ana mwaka wa tatu tu hapa na anashinda ofisini na ndala. Bi Hsiao hazunguki, kaenda moja kwa moja. Uwezo wa kuchonga kalibu, yaani chuma cha kufyatulia makasha, mwaka huu upo wa kasha moja tu. Kila mmoja wetu atoe sampuli, zote mbili zikae kwenye banda letu katika maonyesho ya kompyuta ya Nangang, Juni 2. Kasha litakalopendwa na wanunuzi ndilo litakalochongewa kalibu, na aliyelibuni ndiye Mkuu. Mwingine ahamie ghala la Chiayi, akapange skrubu kwa ukubwa.

Halafu kanikazia macho. "Na safari hii, Wen-Pin, nataka kasha wanalolitaka watu, sio unalolitaka wewe."

Sikuona tofauti.

Jioni nimepitia duka la chapa. Kadi za jina mia tano: Chuang Wen-Pin, Mkuu wa Ubunifu. Mke wangu Su-Chen kaziona, kauliza kama nimeshapewa hicho cheo. Nimemwambia bado, ila kadi huchukua siku tatu kukauka. Kageuka akaendelea kukanda unga wake wa chapati za mayai za kesho. Anauza kifungua kinywa, hajui mambo ya ubunifu.

Jumanne, Mei 19

Shu-Ting kaenda Guanghua, soko la vifaa vya kompyuta, na kidaftari, kuwauliza wanaojiundia kompyuta wenyewe wanataka nini. Nami nimekwenda. Sikumfuata. Tuliongozana tu, mimi nikiwa nyuma hatua hamsini na kofia.

Nilijibanza kwenye duka la nyaya nikasikia yote. Watu wanalalamika jamani. Wanataka uso wa wavu ili hewa ipite. Wanataka chujio la vumbi linalochomoka kwa mbele, bila kuinua kasha zima. Wanataka ubavu unaofunguka kwa kidole. Wanataka nafasi ya kadi ndefu za michoro, mahali pa kuficha nyaya nyuma, kitufe cha kuwashia kiwe juu kwa sababu kasha linakaa chini ya meza. Jamaa mmoja kaonyesha kidole chenye plasta, kasema kila akiunda kompyuta lazima chuma kimle. Shu-Ting kaandika hata hiyo plasta.

Utafiti wa kizembe. Mtu ukimuuliza anataka nini, atakwambia.

Nami nikafanya wangu, kisomi. Swali moja: je, unapenda kitu kizuri? Watu arobaini, wote wamesema ndiyo. Wa arobaini na moja kauliza chujio la vumbi litatokaje. Huyo nimemwondoa kwenye hesabu.

Alhamisi, Mei 21

Kasha langu limekamilika kwenye karatasi. Kioo pande tano. Halina wavu, halina matundu ya kuchusha, halina mpini. Hewa itaingia kwa ufa mmoja mwembamba chini, usioonekana. Nimeliita Ziwa Tulivu. Nilipomaliza kulichora nikajipa pole kwa kuwa na kipaji hivi.

Bado kidaftari cha Shu-Ting kilikuwa kinaniwasha. Si kwamba nakihitaji. Nilitaka tu kujua anakosea wapi.

Mpango ulikuwa safi. Saa sita na nusu, baada ya maboksi ya chakula, taa za ofisi huzimwa na kila mtu hulaza kichwa mezani nusu saa. Nikasubiri pumzi za watu zitulie. Nikavua viatu. Shu-Ting alikuwa hayupo, kaenda kwa wakunja chuma. Nikakaa kwenye kiti chake, nikafungua kidaftari, nikasoma ukurasa wa kwanza kwa mwanga wa simu. Urefu wa kadi za michoro, milimita kwa milimita, kadi thelathini na nane.

Nilikuwa nimekula paja la nguruwe na wali wa kutosha. Kadi ya tisa ndiyo ya mwisho ninayoikumbuka.

Taa zilipowaka ofisi nzima ilikuwa imenizunguka. Nilikuwa nimelalia mto wake, wenye umbo la paka, na kidaftari kifuani. Shu-Ting mwenyewe alikuwa amesimama na kikombe cha chai ya maziwa. Nikajikausha, nikasema nilikuwa nakagua kama kiti chake kinamfaa mgongo. Kaniambia, "Kaka Wen-Pin, ungeniomba tu ningekupa nakala." Na kweli kanitolea nakala. Imebanwa vizuri kwa pini.

Ujanja wa hali ya juu. Sijaisoma.

Jumanne, Mei 26

Sampuli zimetoka. Lake ni jeusi, la wavu, linafanana na chekeche. Langu lilipotolewa kwenye boksi wakunja chuma waliacha kazi wakaja kulitazama. Mjomba Kun, mchonga kalibu, kalizunguka mara mbili, kauliza kompyuta itavuta wapi pumzi. Nimemwonyesha ufa. Kainama, kachungulia, kasema hata mende angetafuta njia nyingine.

Bi Hsiao kataka kila mbunifu aunde kompyuta ndani ya kasha lake, mbele ya wote. Shu-Ting kavua ndala, kakaa sakafuni, dakika thelathini na tano kamaliza.

Hapa naomba niandike jambo ambalo hata Su-Chen halijui. Mimi sijawahi kuunda kompyuta. Miaka kumi na tisa nachora makasha na kukunja kona za sampuli kwa mkono wangu, na sijawahi kutia kitu ndani ya kasha. Sijui bodi kuu inaanzia upande gani. Mpishi si lazima awe na njaa, nilijiambia hivyo mwaka wa kwanza, na baadaye ikawa aibu kuuliza.

Nikashika kiuno. Nikasema mgongo umekamata. Shu-Ting akaniundia. Kazi ilimchukua saa mbili, kwa sababu kioo kinafungwa kwa skrubu kumi na moja za aina ya pekee, na nilichagua hizo mwenyewe ili mtu asikifungue kizembe. Alikatika kidole mara mbili, akakifunga plasta akaendelea.

Ilipowashwa, ndani ya dakika kumi joto lilifika nyuzi tisini na nne. Nimemweleza Bi Hsiao kwamba hilo ni joto la kiwandani. Kaniangalia sana.

Jumatatu, Juni 1

Tumepanga banda Nangang. Makasha mawili, meza mbili, taa juu. Langu linang'aa mpaka wa banda la jirani wanakuja kujitazamia nywele.

Shu-Ting kaweka juu ya kasha lake pakiti ya kijani ya bisi za nazi, ile ambayo jina lake maana yake ni 'kaa na adabu', kwa hiyo huwekwa juu ya mashine ili zisilete ukorofi. Kawaida kabisa, kila mtu anaweka. Lakini mimi nikafikiri mbali zaidi. Kama pakiti ikiwa nje mashine inatulia, ikiwa ndani itatulia mara ngapi? Na kasha langu ni kioo, kila mtu ataiona. Nyuzi tisini na nne ni utovu wa adabu tu, hazina kingine.

Nimefuata masharti yote. Rangi ya kijani, maana ya njano haifai kwa mashine. Tarehe haijaisha. Pakiti haijafunguliwa. Nimetumia saa nzima na zile skrubu kumi na moja, nikailaza chini kabisa, katikati, ikakaa imejinyoosha juu ya ule ufa. Ilitoshea kana kwamba niliichorea.

Bisibisi ya pekee nimeirudisha Xinzhuang, isije ikapotea.

Jumanne, Juni 2

Sijui nianzie wapi.

Saa nne na nusu akafika mnunuzi mkubwa kutoka Ujerumani, bwana mrefu mwenye maduka nchi saba. Bi Hsiao kavaa hariri. Mimi nikatoa kadi yangu kwa mikono miwili na kuinama. Bi Hsiao kaisoma kwa jicho la pembeni, akameza mate.

Bwana kaja moja kwa moja kwa Ziwa Tulivu. Kapiga mluzi. Nikamweleza utulivu, kioo, uzuri. Nilikuwa nazungumza vizuri, naomba hilo likumbukwe. Wakati huo feni ya chini ilikuwa inatafuta hewa na hewa haipo. Ikawa inaivuta pakiti. Pakiti ikawa inasogea kidogo kidogo. Mnunuzi akauliza kile ni nini kinachotembea.

Feni ikaishika pembe.

Bisi zilijaa kasha zima kwa mara moja. Zilizunguka, zikapasuka, zikawa vumbi la rangi ya dhahabu pande zote tano, na kwa kuwa ni kioo hakuna kilichofichika. Harufu ya nazi ya kuungua ikatoka kwa ule ufa. Watu wakakusanyika na simu zao. Mmoja akapiga makofi. Nikaona mwanya, nikasema huu ni mfumo mpya wa mapambo. Kompyuta ikajizima.

Mnunuzi akaomba ifunguliwe. Nikasema haiwezekani, bisibisi ipo Xinzhuang. Akauliza mtu wa kawaida akitaka kuondoa vumbi atafanyaje. Nikamwambia mtu wa kawaida si mteja wetu.

Shu-Ting kaja pole pole, kamshika bwana mkono, kampeleka meza ya pili. Bwana akasukuma ubavu kwa kidole kimoja, ukafunguka. Akachomoa chujio kwa mbele, akalirudisha. Akalichomoa tena. Alicheza nalo muda mrefu anacheka peke yake.

Kaagiza makasha elfu nne ya chekeche.

Jumatano, Juni 3

Bi Hsiao kanitolea uvivu. Kasema hajawahi kuaibika hivi tangu arithi kiwanda. Kasema jana usiku shangazi yake wa Kanada kamtumia ile video akiuliza kama siku hizi tunatengeneza mashine za bisi. Kasema nifungashe, ghala la Chiayi linanisubiri Jumatatu. Nikanywea. Nilifikiria uso wa Su-Chen, na miaka kumi na tisa, na zile skrubu. Niliogopa kweli.

Kisha Shu-Ting akaingia na ndala zake. Kamwambia Bi Hsiao kwamba kingo za kasha lake bado zinakata vidole, na kwamba hapa kiwandani hakuna mtu anayejua kukunja chuma kwenye kona kama Kaka Wen-Pin. Ananihitaji. Bila mimi yeye hakubali ukuu.

Bi Hsiao kawaza. Kasema sawa, nibaki, chini ya Shu-Ting. Lakini nikifanya ujanja mmoja tu, mmoja, ni Chiayi siku hiyohiyo.

Nililia chooni. Machozi ya kweli, mpaka nikatumia karatasi yote. Hakuna aliyewahi kunisema vizuri mbele ya watu.

Nilipotoka nikaelewa. Ananiogopa.

Ijumaa, Juni 5

Nimelainisha kingo zote. Nazikunja mara mbili, ndani kwa ndani. Shu-Ting kapitisha ncha ya kidole pote, kasema ni kama ukingo wa bakuli. Nimekunja chuma miaka kumi na tisa na leo ndiyo mara ya kwanza mtu kugusa.

Halafu kanikalisha sakafuni. Nadhani alijua siku zote kwamba sijawahi kuunda kompyuta. Hakusema. Kanipa bodi kuu, kaniambia, "Anzia hapa, Kaka." Dakika hamsini. Nyaya zimepita nyuma, kadi imeingia bila kusukumwa, sikukatika popote. Nikabonyeza kitufe, taa ikawaka, feni zikaanza.

Nilimpigia Su-Chen. Nilimwambia inafanya kazi. Kauliza nini kinafanya kazi, nikaisogeza simu karibu na feni asikie mwenyewe.

Jumapili, Juni 7

Nimelala nalifikiria lile kasha na nimegundua kasoro yake. Ni kile kitufe.

Kila kitu ni kizuri, kisha pale juu, katikati ya chuma changu nilichokilainisha, wameweka kitufe na matundu ya kuchomekea. Ni chunusi. Watu wa Guanghua walitaka kiwe juu, lakini watu wa Guanghua hawajawahi kulilainisha kwa mkono kama mimi. Sasa mimi ni muundaji, naelewa wanachohitaji kuliko wao.

Shu-Ting alinikabidhi michoro ya mwisho nimtumie Mjomba Kun leo, maana anaanza kukata kalibu kesho alfajiri. Kaniambia ananiamini. Basi nimeitendea haki imani yake. Kitufe na matundu yote nimeyahamishia tumboni, chini. Kuwasha, unalilaza kasha ubavu, unabonyeza, unalisimamisha. Kila asubuhi mtu anakumbatia kompyuta yake. Atashukuru.

Nimetuma. Sijamwambia Shu-Ting, nataka afurahi ghafla.

Jumatatu, Juni 8

Saa nne Mjomba Kun kapiga simu. Chuma kimeshakatwa, upande wa juu uko mtupu kabisa. Kauliza kitufe kimekwenda wapi. Nikamweleza. Nikasikia mashine yake inazimwa. Kauliza kama Bi Hsiao anajua. Nikamwambia atajua leo, na kwamba kiti cha Mzee Ou bado kinazungumzika.

Akaniuliza kama nina ndugu yeyote Chiayi.

Nikamjibu sina. Watu wengine huuliza maswali ya ajabu.