Kope za Makamu Mwenyekiti

Jumapili, Oktoba 6

Gu Bong-chul kaja mlimani na macho mapya. Kila kope sasa ina mkunjo, ule unaotamaniwa mjini hapa, umenyooka kama umepigwa pasi. Anasema hakukatwa hata kidogo: daktari kapitisha uzi mwembamba ndani ya kope, kafunga vifundo, robo saa tu, naye akaenda zake kula tambi. Wanachama wote wakamzunguka. Bi Tak, katibu wetu, akasema jamaa kapungua miaka kumi.

Na uchaguzi ni wiki mbili zijazo, naye ndiye mpinzani wangu! Mimi ni makamu mwenyekiti wa klabu hii ya wapanda milima kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Mwenyekiti anang'atuka. Kiti ni changu. Kila jiwe la mlima wetu, Gwanaksan, linanijua.

Tuliposhuka kunywa pombe ya mchele, nikasimama nikatangaza kwamba hata mimi nafanyiwa Jumanne. Wakapiga makofi. Miadi sikuwa nayo. Lakini nilitangaza vizuri.

Jumanne, Oktoba 8

Kliniki, mtaa wa Gangnam, penye madaktari wa urembo kila kona. Daktari Ban ni mwanamke mdogo kuliko binti yangu. Kaisukuma kope yangu kwa kijiti, kaifinya, kaitazama kama mtu anayechagua samaki. Kisha akanieleza. Uzi unamfaa mwenye kope nyembamba, isiyo na mafuta mengi wala kulegea. Mara nyingi ni vijana. Yangu ni nene, ina mafuta, na imeshuka. Uzi utaachia mapema. Labda nikatwe, na nikikatwa nitavimba kwa wiki kadhaa.

Nene! Niliona fahari. Ukoo wetu wa Pyo haujawahi kuwa na kitu chembamba. Nikamshauri atumie uzi mnene zaidi, nikamtajia ule wa kuvulia samaki. Alikataa kwa adabu, akanisindikiza hadi mlangoni.

Jumatano, Oktoba 9

Nimepata wazo! Mjini hapa mtu akivaa miwani ya jua hata dukani, hakuna anayeuliza. Inajulikana katoka kwa daktari. Basi nimevaa miwani na barakoa, nikapita sokoni polepole, mara mbili. Sikusema neno. Kwa hiyo sikudanganya. Kabla ya saa sita mchana Bi Tak alishaniletea katoni nzima ya maji ya boga, ya kuondoa uvimbe.

Mke wangu hana imani. "Baba Yu-jin," akasema, "wewe sindano ya mafua tu unazimia. Nani kakushona?" Nikamjibu kwamba mambo ya klabu hayamhusu.

Ijumaa, Oktoba 11

Pakiti kumi na sita za maji ya boga. Tumbo linanguruma. Halafu miwani yenyewe ni nyeusi mno: nimegonga mlango wa kioo wa duka la mikate. Jicho la kushoto limevimba, rangi ya biringanya. Mungu hamtupi mja wake!

Bong-chul alikuja kunijulia hali. Akaliona jicho juu ya ukingo wa miwani, akanywea. Akasema yeye hakuvimba hivyo. Nikamwambia kazi kubwa ndivyo inavyovimba.

Jumapili, Oktoba 20

Kileleni. Picha ya klabu. Bi Tak akaagiza kila mtu avue miwani.

Nakiri hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma: nilitazama njia ya kushukia. Uvimbe ulishakwisha. Macho yalikuwa yale yale niliyozaliwa nayo. Miaka kumi na moja ya kubeba kamba za watu, yote itapotea mbele ya kamera. Nikavua.

Bi Tak akanisogelea, akaniangalia kushoto, akaniangalia kulia.

"Kaka Pyo," akasema, "ni ya asili kabisa. Mtu hawezi kujua kama umeguswa."

Hakuna sifa inayopita hiyo mjini hapa! Watu wanazunguka kliniki tano wakiitafuta, mimi nimeipata kwa miwani. Wakaanza kunong'ona kwamba ya Bong-chul yanaonekana ya dukani. Kura kumi na nne kwa tisa. Mwenyekiti Pyo Man-sik! Nililia kidogo, nikasingizia upepo. Walipotaka jina la daktari nikawapa la Daktari Ban. Hata yeye nilimwonea fahari.

Jumatano, Oktoba 23

Wameenda kwa Daktari Ban wanane kwa mpigo, Bong-chul akiwemo, maana uzi wa jicho lake la kulia umeshaachia. Bi Tak kanisimulia kwa simu, sauti kavu. Walimpa daktari picha yangu ya kileleni wakamwambia wanataka macho kama hayo. Daktari akaitazama.

"Hii ni ya kabla ya upasuaji," akasema. "Ya baada iko wapi?"

Jumapili, Oktoba 27

Nimevuliwa uenyekiti. Umakamu pia. Sasa mwenyekiti ni Bong-chul, jicho moja lina mkunjo na lingine halina, utadhani anamkonyeza kila mwanachama. Mimi nimepewa mfuko wa matango ya klabu, ya kutafuna njiani, niubebe. Mke wangu anasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika kileleni, nikamkumbusha.

Nimetafakari kwa makini wakati wa kushuka. Katika klabu nzima, ni mimi peke yangu niliyewahi kuambiwa ni ya asili kabisa. Hilo hawawezi kunipokonya. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilimtaja daktari aliyepo kweli.

Kwenye pombe nilimwona Bi Tak akikitazama kipara changu. Nikamwinamia, nikamwambia kwa siri kwamba Jumanne sitapatikana, naenda kupandikiza nywele. Daktari wangu yuko Busan, mji wa mbali, hapokei wageni.

Kofia ya sufu nimeshanunua.