Staji kwa Papa Mbayo

Leo nimeaibika vibaya. Naandika huku nalia, basi mnisome polepole.

Mnajua natafuta staji, mahali pa kujifunza kazi ya mambo ya fedha, tangu masomo ya chuo yaanze. Kila biro, kila ofisi hapa Kalemie, jibu ni lile lile: "Mwaka wa kwanza? Urudi ukimaliza." Kwenye benki moja sentineli wa mlangoni aliniuliza kama nimekuja kusafisha. (Nusura niseme ndiyo.)

Ni Papa Mbayo tu aliyenipa kiti. Ana kikoperative kidogo cha mikopo kule Kataki, biro iko uwanja mmoja na nyumba yake. Alinieleza faida ya mkopo kwa mfano wa mama anayenunua ndakala, yaani dagaa, ziwani na kwenda kuziuza mjini Kongolo. Nilipokosea hesabu alicheka mpaka akavua miwani. "Hujui kitu, binti. Lakini unauliza muzuri. Urudi Ijumaa, tuanze."

Leo Ijumaa. Asubuhi nampigia, simu imezimwa. Nikasema, wakubwa wana mambo mengi. Nikavaa kitenge cha njano cha dada yangu, viatu vya kisigino, rangi nyekundu mdomoni. Juu ya pikipiki nikakariri hotuba yangu kwa sauti njia nzima. Tulipofika dereva akasema, "Amina."

Uwanja umejaa! Watu wamenyamaza, wengine kwenye viti, wengine mikekani. Mungu wangu, wote hawa wanatafuta staji? Hata yule bibi wa fimbo? Mbele kuna picha kubwa ya Papa Mbayo na maua. (Nikawaza: hapa wanamheshimu sana mkubwa wao.)

Viti vimekwisha, nikakaa mkekani kando ya mama mmoja aliyekuwa anajifuta machozi. Nikamshika mkono. "Mama, usiogope. Papa Mbayo ni mutu mwema, hawezi kutukatala sisi wote."

Akaniangalia. Akalia zaidi.

Kisha bwana mmoja akasimama: "Mwenye kutaka kusema neno juu ya Papa Mbayo, apite mbele."

Mtihani wa kuzungumza! Huo ndio niliojiandaa nao! Nikainua mkono kabla ya wote. Nikapita, visigino vikilia ko-ko-ko, meno yote nje.

"Bonjour! Naitwa Sifa, mwaka wa kwanza, fedha. Papa Mbayo ni mufano wangu. Pale amefika, mimi pia nataka kufika. Na haraka! Kama ni leo, niko tayari!"

Bibi wa fimbo akafanya ishara ya msalaba.

Yule bwana akaja kunishika bega, akasema kwa sauti ya chini, "Binti, Papa Mbayo amefariki jana. Ni moyo. Tunangojea mwili utoke hospitali."

Nikageuka nikimbie. Picha iko mbele yangu, anacheka vile vile alivyonicheka kwenye hesabu. Nikalia pale pale mbele ya watu, kwa sauti, rangi ya mdomo ikashuka mpaka kidevuni. Katika mji mzima ni mtu mmoja aliyeniona ninafaa, na kwenye msiba wake nimekuja kuomba nimfuate!

Mama wa mkekani akainuka. Akanifunika mabegani kwa kitambaa chake cheusi, akanirudisha tukakaa. Kumbe ndiye mjane.

"Ni weye ule mutoto wa maswali?" akaniuliza.

Nikaitika kwa kichwa.

"Juzi kwa meza alisema habari yako mpaka chakula kikapoa." Halafu akacheka kidogo, akajishangaa mwenyewe kwa kucheka, akalia tena. Nami nikalia naye.

Tumekaa hivyo mpaka gari la hospitali likaingia. Habari ya staji hakuna aliyeniuliza, wala mimi sikuuliza.

Mazishi ni kesho. Mkitaka kunicheka, ngojeni kwanza tumzike.