Ugonjwa Umesinzia, Msipige Kelele

Jumanne, 2 Septemba

Kilifi, kliniki ya viungo. Daktari Nyevu kaniminya vidole kimoja kimoja kama anayechagua maembe. Kauliza asubuhi vinachukua muda gani kulegea. Nikasema papo hapo, nikifumbua macho tu. Uongo, lakini uongo mdogo, wa matumaini. Mke wangu Fahima, aliyekaa pembeni na mkoba wake mapajani, akakohoa. Daktari akaandika kikohozi cha Fahima badala ya maneno yangu.

Kisha habari njema. Kasema baridi yabisi yangu haina kupona, lakini yaweza kulala. Neno lake hilo, kulala. Vidonge vya kila Jumamosi visikose, uvimbe ushuke, damu iwe shwari, basi ugonjwa hulala na mtu akarudi kwenye shughuli zake. Kasema wangu umeanza kusinzia.

Kusinzia! Nimefurahi hata nikampa mlinzi wa getini shikamoo, na mlinzi mwenyewe ni rika la binti yangu.

Kwenye benchi alikuwapo Garama, mkulima wa Jilore, mgonjwa mwenzangu. Wake umelala tangu mahindi ya mwaka jana. Kanipa mkono, akanibana hasa. Kasema shamba kalilima mwenyewe, kwa jembe. Nani kamuuliza? Sipendi watu wanaojisifia maradhi.

Njia nzima ya kurudi Malindi nimejiona nashona. Mimi ni fundi Saad. Kofia zangu za viua, kila kitundu kimezungushiwa uzi kwa mkono, zimevaliwa mpaka Lamu. Tarehe kumi mwezi ujao binti yetu Mahira anaolewa, nami nimetangaza barazani, mbele ya watu wazima na akili zao, kwamba bwana harusi Swafwan ataozwa na kofia ya mkono wangu. Umair alikuwapo. Umair ni fundi mwenzangu na kero yangu ya maisha. Alicheka puani.

Kofia yenyewe imefika nusu. Imo sandukuni tangu vidole viliponifunga.

Nataka mikono yangu, basi. Sitaki kingine.


Jumamosi, 6 Septemba

Nimewaza sana. Mtu akisinzia halafu ukamtilia dawa chungu, ataendelea kusinzia? Ataruka! Ni vidonge ndivyo vinavyouamsha ugonjwa. Daktari hajaliona hilo kwa sababu kasoma kupita kiasi.

Fahima hunipa vidonge baada ya chakula na husimama mpaka nimeze. Leo nimevificha chini ya ulimi, nikamwambia ahsante kwa ulimi uleule, kazi si ndogo, kisha nikavitemea kwenye kopo la mrehani dirishani. Hakuona kitu.

Nimetoa amri nyumbani. Ugonjwa usitajwe kwa jina, uitwe Mgeni. Mlango usibamizwe. Kusiwe na kutwanga. Mahira kauliza pilau ya harusi itapikwaje bila kutwanga viungo. Nikamjibu kwamba viungo vya pilau vinaweza kungoja, vyangu haviwezi. Hawakucheka. Nikalirudia, huenda hawakusikia. Walisikia.


Jumamosi, 13 Septemba

Mrehani tena. Umeanza kuwa wa manjano. Nimemwambia Fahima ni jua.

Nimeshona viua vitatu! Vimekaa kombo, lakini ukiwa mbali huwezi kujua. Nimekusudia watu wawe mbali.


Jumatano, 17 Septemba

Mgeni kaamka, na kaamka na hasira.

Vidole vimevimba, kikombe hakishikiki. Fahima kanikatia mkate vipande vidogo vidogo na kunilisha. Nimekwenda chooni, nikafungulia bomba, nikalia kidogo. Naandika haya kwa kalamu iliyoviringishwa kitambaa, herufi zinakwenda zitakako.

Nani kamwamsha? Namshuku jirani anayechomelea mageti. Fahima kasema labda vidonge havikai tumboni. Alisema hivyo huku anautazama mrehani. Nikamshauri aongeze maji.


Ijumaa, 19 Septemba

Mpango mpya. Nimekwenda Ngomeni kwa pikipiki kutafuta mafuta ya papa, yale ya sifa ambayo watu hupaka mashua. Muuzaji kaapa kwamba marehemu babake alijipaka maisha yake yote na hakujua maumivu ya viungo. Nikauliza babake alikufa kwa nini. Kasema aliteleza. Basi, si viungo. Nikaridhika, nikanunua chupa kubwa.


Jumapili, 21 Septemba

Mafuta yana nguvu. Harufu pia.

Msikitini nafasi ilipatikana tele katika safu yangu. Paka wa mtaa mzima wananifuata, na yule chongo kalala juu ya viatu vyangu. Mahira kaniomba, kwa adabu lakini kwa machozi, nisikae sebuleni wakwe wakija.

Kubwa zaidi ni hili. Nilijaribu kushona huku nimejipaka. Kofia imepata doa ubavuni, pana kama kitumbua, nayo inanuka papa kuliko papa mwenyewe. Nimeivingirisha kwenye gazeti na kuirudisha sandukuni. Paka chongo akakaa juu ya sanduku.


Jumanne, 23 Septemba

Aibu zote ziko mbele yangu, naziona zinavyokuja. Swafwan kichwa wazi, Umair anacheka puani, wakwe wanaulizana fundi gani huyu.

Garama kashuka mjini na mihogo yake. Nikamvuta kando, nikamweleza. Aipeleke kofia kwa Umair, amwambie ni ya mkwe wake wa Mambrui, iliachwa njiani na fundi mmoja hodari sana aliyepatwa na dharura. Garama kauliza hilo la hodari sana lazima liwepo. Nimemwambia bila hilo safari haina maana.

Kakubali kwa sharti moja, nimeze vidonge vyangu. Kasema hata yeye aliviacha alipoona nafuu, akakaa msimu mzima anavalishwa shati na mkewe. Nilikuwa namwona mtu wa majigambo. Aliposema lile la shati sauti yake ilishuka, nami sikujua nitazame wapi. Nikasema ndiyo. Mtu anayekubebea siri humkatalii kitu, na kusema ndiyo si kumeza.

Jioni karudi na habari za ajabu. Umair kaisogeza kofia mpaka kwenye pua, akapiga chafya, akasema atampa mshoni wake. Mshoni wake! Kumbe macho ya Umair yamefanya ukungu siku nyingi na hashoni tena. Kuna mwanamke anamshonea kwa siri, naye Umair anauza kama kazi ya mkono wake. Tapeli! Mimi natoa yangu mara moja tu, tena kwa ugonjwa.


Alhamisi, 25 Septemba

Nyumba haina utulivu. Bi Shekha, mkewe Umair, kaja na kikapu kilichofunikwa leso, wakajifungia na Fahima chumbani. Nikasikia kicheko, kisha kimya, kisha kicheko mpaka mmoja akakohoa. Nilipouliza, Fahima kasema ni kazi ya mtu. Siku zote huwa na kazi ya mtu mchana, foronya sijui, sijawahi kuuliza.

Jambo jingine. Paka wameniacha. Wamehamia mlango wa chumba chake, wote, na chongo akiwa mbele. Nimewakemea. Hawana msimamo.


Jumamosi, 27 Septemba

Nimedhulumiwa. Nilikwisha kuviweka vidonge chini ya ulimi, Fahima akavuta kiti. Kasema kabla sijainuka nimtajie wageni wa harusi wa upande wangu, wote, kwa majina na baba zao. Nikaanza kwa pembe moja ya mdomo. Ukoo wetu ni mkubwa! Nilipofika kwa ami zangu wa Mambrui vidonge vilikuwa vimeshayeyuka, uchungu umeshuka mpaka kwenye moyo. Nimemeza. Fahima kasema Alhamdulillahi, sina ukoo mdogo.


Jumatano, 1 Oktoba

Fahima kaanzisha desturi. Asubuhi ananiletea beseni la maji ya moto, natia mikono, nakamua kitambaa, naachia, nakamua. Nimeona ni upuuzi, ila maji yake ni mazuri. Leo nimefunga kifungo cha kanzu. Kile cha juu, kigumu. Sikumwita mtu. Nikakifungua, nikakifunga tena, nikasimama mbele ya kioo kama mjinga.

Mafuta ya papa yanafanya kazi.

Kidole gumba cha Fahima kina alama za sindano. Nimemwonya ajihurumie, foronya haziishi duniani.


Jumamosi, 4 Oktoba

Kofia imerudi mkononi mwa Garama. Ya Rabi! Nimekaa chini.

Mshoni huyu ni nani? Pale palipokuwa na doa kapajaza viua vidogo vidogo, vimebanana, hata doa limegeuka kuwa ua. Vile viua vyangu vitatu vya kombo hakuvifumua. Kashona vingine pembeni yake, navyo kavilaza kombo vivyo hivyo, ukitazama utadhani ni pambo. Harufu hakuna, kaifukiza udi.

Ila nyota ya juu, katikati kabisa, imeachwa wazi. Na ujumbe juu yake! Mshoni kasema nyota aimalize mwenyewe mwenye kutoa zawadi, pole pole, asubuhi, akishatoa mikono kwenye maji ya moto.

Nimepandwa na hasira. Mwanamke asiyenijua ananipa amri? Na ya maji ya moto kayajulia wapi? Garama kanitazama muda mrefu sana. Kisha kasema mihogo yake inaungua jua, akaenda zake.

Fahima kaikuta kofia mezani. Hakuuliza imetoka wapi. Kanitungia uzi kwenye sindano, akaizungushia kitambaa pale pa kushikia, akaniwekea. Kisha vidonge. Leo kanitaka nitaje upande wa mamangu.


Alhamisi, 9 Oktoba

Nyota imekwisha.

Kila asubuhi kidogo kidogo. Kuna siku kiua kimoja kilinitoa jasho nikaiacha. Leo uzi ulipita, nikavuta, ukakaa pale ninapotaka. Nilikuwa nimesahau raha yake. Nimekaa na kofia mkononi mpaka Fahima akaja kuuliza kama sili chakula cha mchana. Macho yangu yalikuwa na maji. Nikasema ni udi.


Ijumaa, 10 Oktoba

Mahira kaolewa. Swafwan kavaa kofia, imemkaa barabara.

Baada ya nikahi Umair kasogea. Kamwomba bwana harusi kofia, na badala ya kuitazama kaipapasa, kuta zote, kwa vidole, haraka haraka kama mtu anayepita nyumbani kwake. Alipofika kwenye nyota kasimama. Kairudia. Kisha kasema kwa sauti, mbele ya watu wote, kwamba mkono huu ni wa Saad, hakuna mwingine Malindi anayekaza uzi namna hii, na Saad karudi.

Hakusema lolote juu ya sehemu nyingine. Wazee wakanipa mikono. Nikaipokea yote, hakuna iliyoniuma. Nimepata sifa, na safari hii si ya chupa.

Nilipomsimulia Fahima, kaniomba nirudie pale penye nyota. Nikarudia. Kaomba tena. Sijui kwa nini alikuwa analia, harusi ilishakwisha.


Jumanne, 14 Oktoba

Kilifi. Daktari Nyevu kasema uvimbe umeshuka, damu inatulia, ugonjwa umesinzia upya. Nikishika vidonge bila kukosa, huenda mwaka mpya ukanikuta umelala kabisa. Nimemweleza habari ya mafuta ya papa, nikamshauri awape na wengine. Kauliza kama niliwahi kukosa vidonge. Nikasema hata siku moja. Fahima akakohoa. Daktari akaandika.


Jumamosi, 18 Oktoba

Sasa mambo yote nimeyaelewa.

Yaliyonifaa ni mafuta ya papa na kutaja majina ya ukoo, basi. Vidonge vimebahatika tu kuwepo. Nimeagiza chupa nyingine Ngomeni, na leo asubuhi nimenunua kopo jipya la mrehani, lenye udongo mwingi.

Barazani nimetangaza kofia tano kabla ya Ramadhani. Wakashangilia. Umair akacheka puani, lakini sina wasiwasi naye. Moja nitaishona mwenyewe, kwa raha zangu. Nne nimeshampa Garama juzi azipeleke kulekule kwa mshoni wa Umair. Nilizishika kidogo kwa mikono yenye mafuta, haidhuru, atazifukiza.

Namwaza sana yule mwanamke. Nadhani ni mjane wa Mambrui, au mke wa mtu asiye na habari. Kama ana mume, namsikitikia huyo mume. Ukae na fundi kama yule chini ya paa moja, unakula naye, unalala, na usijue! Wanaume wengine hawana macho.

Fahima ananiita nimeze vidonge, na kiti kimeshavutwa. Nimemwambia angoje kwanza niwafukuze paka. Wamejaa tena mlangoni kwake, sijui wanafuata nini.