Mikono Yangu Kwenye Picha ya Mayala

Jumatatu, 2 Agosti 1999
Leo mwisho wa Stanslaus umeanza! Studio yake ina pazia lililochorwa ndege, basi Shinyanga nzima inapiga picha kwake kana kwamba ndege itapaa. Yangu iko mkabala. Ina benchi na buibui. Lakini! Dukani kwa Riyaz kumeingia kompyuta yenye waya wa simu, na dada yake Khairunisa amenionyesha intaneti. Kuna chuo huko Ulaya kinafundisha wanafunzi kupiga picha na kuzirekebisha. Bure kabisa! Picha ya somo ilishuka polepole: nywele, paji la uso, macho. Simu ikakatika. Uso ukabaki bila mdomo, unanitazama. Khairunisa akashauri tuanze na somo la kwanza, mwanga na kivuli. Nikamwambia hayo ni ya wanafunzi, mimi ni fundi. Turuke hadi somo la kuhamisha vichwa kwenye picha.

Jumanne, 3 Agosti
Mteja! Nimemnyakua mlangoni kwa Stanslaus. Mama Mayala, wa Samuye. Mwanawe alifukiwa na shimo la dhahabu huko Geita masika yaliyopita. Mwili haukupatikana. Picha iliyobaki ni ya kitambulisho, ndogo, na muhuri umekula jicho moja. Stanslaus amemkatalia, eti asije akamharibia mtoto. Mwoga! Mimi nimemwahidi picha kubwa ya ukutani, Mayala ndani ya suti. Akasema Mayala hakuwahi kuvaa suti. Nikamjibu kwamba huko aliko wanavaa. Ulimi wangu huu!

Jumatano, 4 Agosti
Suti nimeazima kwa Zulfikar, fundi cherehani. Ni ya bwana harusi fulani. Nimeapa sitaitia jasho. Mwili je? Nimejipiga mwenyewe, mikono magotini. Khairunisa akaingiza picha zote mbili kwenye kompyuta, akakata kichwa changu. Sikupenda alivyokikata bila hata kusita. Kichwa cha Mayala kikakaa. Jicho lililoliwa tulilikopa upande wa pili, tukaligeuza. Sasa macho yote mawili yanatazama. Sawasawa mno. Khairunisa akalalamika kwamba uso una kivuli kushoto na suti ina kivuli kulia, na kwamba hilo ndilo somo la kwanza. Kero! Alipokwenda kula aliifunika kompyuta kwa khanga. Nilimuuliza kwa nini. Akasema hapendi kutazamwa mgongoni.

Ijumaa, 6 Agosti
Mama Mayala amekuja kuchukua picha. Uso hakuugusa. Aligusa mikono. Kisha akatazama mikono yangu mezani, kovu la kidole gumba. Akarudi kwenye picha. Kovu lile lile. Lo! Nikaificha mikono mfukoni, nimechelewa. Akaita kwa sauti ndogo, "Mayala."
Nami, sijui nilipatwa na nini, nikaitika, "Naam, mama."
Hakulia. Aliitoa mikono yangu mfukoni, akaishika, akaniita ng'wanone, mwanangu, akauliza mbona ina baridi hivyo. Nje jua lilikuwa la kuchoma utosi. Nikajigusa shavu. Baridi kweli.

Jumapili, 8 Agosti
Maafa! Stanslaus amevuka barabara kunipongeza, tabasamu limekaa upande mmoja. Ametoka Samuye kupiga picha za msiba. Anasema mjomba wa Mayala ameamua: mwili hakuna, basi kesho watazika picha. Ndani ya jeneza! Kisha akanitazama toka viatuni hadi kichwani, akauliza kwa upole ule mwili wenye suti ni wa nani.
Ugali umenishinda.

Jumatatu, 9 Agosti
Nimekwenda Samuye kwa baiskeli, na mpango wangu kichwani: nitasema rangi haijakauka, nairudisha picha studio. Nimekuta kaburi limefukiwa. Watu wakanipisha njia bila kuambiwa. Bibi mmoja akanipangusa vumbi begani, akanipa pole kwa safari ndefu. Nilikuwa nimetoka Shinyanga tu! Nikamwangukia Mama Mayala, nikamwambia mwili ule ni wangu, wamenizika mimi.
Akasema anajua.
"Mwanangu alikufa gizani, hakuna aliyemshika," akasema. "Sasa ana mikono ya mtu. Nakuomba usiidai."
Akaongeza kwamba tangu masika hajalala usingizi, ila juzi na jana amelala. Nikamwambia haya, mama. Nikarudi nikiikokota baiskeli. Vidole vilikataa kukaza breki.

Jumatano, 11 Agosti
Nashika kikombe cha chai ya moto, sisikii kitu. Hata hivyo, neema! Habari zimefika Tinde hadi Kalangalala kule Geita. Kila mwenye mtu aliyemezwa na shimo anataka picha yenye mikono. Khairunisa amekataa, eti hakati kichwa tena mpaka nisome somo la kwanza na kuomba radhi kaburini. Shauri yake. Riyaz mwenyewe atakata.
Nami kweli nimepata fundisho kubwa: usitumie mwili wako! Kwa hiyo leo nimepatana na Stanslaus. Nimemwalika nimpige picha, kwa ujirani mwema. Amekuja na koti lake jipya, amenyoa ndevu. Nikamkalisha benchini, mikono magotini. Alifurahi, maskini. Akauliza mbona namwangalia vidole badala ya uso.
Nikamwambia asitikisike.