Yule Mtu wa Chumba cha Juu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Joto. Feni tatu za wateja ziko mezani, sijagusa hata moja. Nina sababu.

Shangazi anauza nyumba! Kanitangazia asubuhi huku akimenya viazi, kwa sauti ileile anayoniambia chumvi imekwisha. Magoti hayataki ngazi tena, kasema, na binti yake huko bara amemwandalia chumba cha chini. Nikauliza, na mimi je? Kasema tutaona, kisha akaniomba nimsogezee sufuria. Tutaona! Miaka tisa nimekaa chumba cha juu (nilikuja kwa wiki mbili, sikatai), leo naambiwa tutaona.

Chumba chenyewe: kitanda, meza, kioo kilichopasuka, na dirisha. Dirisha ndilo kila kitu. Bahari yote inaingia humo bila kodi. Upepo wa alasiri ukianza, mimi mwenyewe fundi feni siwashi feni. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: nakipenda chumba kile kuliko ninavyowapenda watu wengi wa ukoo wetu.

Mbaya zaidi, kazi ya kuuza kapewa Mkoba. Dalali wa mtaa. Jina limetokana na mkoba wa ngozi anaoubana kwapani mchana kutwa. Nilishauchungulia siku moja: kitana na gazeti la mwaka juzi. Kaja leo, kapima sebule kwa hatua, kaniita kijana. Tumezaliwa mwaka mmoja!

Nimeamua. Nyumba haiuzwi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Hatua ya kwanza imefaulu. Nimemwambia Shangazi haifai wageni kutembezwa na mtu baki wakati damu yake nipo. Mkoba alete wateja, sawa, lakini kuwaonyesha vyumba niachiwe mimi. Shangazi kanitazama. Alikuwa mkunga miaka thelathini, akikutazama unahisi hujavaa. Kisha kakubali.

Mteja wa kwanza anakuja keshokutwa. Huyu Shangazi kampata mwenyewe, wamezungumza kwa simu. Mwalimu mkuu mstaafu, mjane, mtu wa heshima zake. Shangazi atakuwa kliniki na magoti yake, kwa hiyo nipo peke yangu. Nivae shati safi, kasema. Nimpokee vizuri, maana mama huyu ana faida kwangu mimi kuliko kwake yeye.

Ala! Nimeelewa mara moja. Wananitafutia mke. Nina miaka arobaini na mmoja na bado wananipangia, safari hii mwalimu mkuu mzima. Nimetabasamu, nikasema sawa Shangazi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Ushindi! Niuandike vizuri.

Shati safi sikuvaa. Nimevaa kofia na miwani ya jua, nikajitambulisha kuwa msaidizi wa dalali. Mama kafika saa nne barabara, mwavuli mkononi. Ana miaka sabini na kitu, basi habari ya ndoa nikaifuta, ikabaki habari ya nyumba. Mpole sana. Kaipenda sebule. Kaupenda ua. Kapapasa ukuta wa jikoni kama mtu anayeshika shavu la mjukuu. Nikaona hapa pana hatari.

Nikaanza kazi. Maji yanakatika, nikasema. Kasema ana mapipa. Chumvi ya bahari inakula mabati, nikasema. Kasema hata yeye imemla, na bado yupo. Jasho likanitoka.

Halafu akauliza, taratibu, habari za yule bwana anayeishi chumba cha juu. Ni mtu wa namna gani?

Mlango wenyewe huo! Nikauingia mbio. Nikashusha sauti. Mama, nikasema, usinitaje. Huyo ni balaa. Anakunywa. Akishakunywa anaimba. Akimaliza kuimba anapiga nyundo. Vijiko vya nyumba hii vilikuwa kumi na viwili, leo sijui kama vinafika vinne. Mgeni wa mwisho alimfukuza kwa ufagio. Na hatoki! Hata nyumba ikiuzwa mara saba, huyo yumo, juu ya kichwa cha mwenye nyumba.

Mama akaketi kwenye ngazi. Kasema yeye aliambiwa ni mtu mwema, fundi, mwenye mikono mizuri. Mikono! nikasema. Mikono hiyohiyo ndiyo iliyobeba vijiko. Akanishukuru. Kasema siku hizi kumpata mtu mkweli ni bahati. Kaondoka bila hata kupanda juu.

Sijui kwa nini kauliza habari zangu. Watu wazima wana udadisi. Nimelala usingizi wa alasiri, mtamu ajabu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Shangazi kanuna. Yule mama amepiga simu kusema basi, hataki tena. Sababu hakuitoa, kasema tu kuna mambo ameyasikia. Nikasema pole Shangazi, wanunuzi wa siku hizi hawaeleweki. Kaniuliza mara mbili kama nilimpokea vizuri. Nikasema nilimpokea kama mama yangu mzazi. Uongo wenyewe si mkubwa. Mama yangu naye tukizungumza huwa anaishia kutafuta pa kuketi.

Leo Mkoba kaleta mteja wake, Mwoka Mikate wa pale kona. Mtu mpana, maneno machache. Kwake nilipanga mbinu ya joto. Tangu asubuhi nimefunga madirisha yote, mapazia chini, hata kile kidirisha cha choo, kisha nikabandika masufuria mawili ya maji jikoni yachemke tu. Ilipofika saa saba mchana huwezi kushika kitasa cha mlango. Mkoba kalowa mpaka mkoba.

Mwoka Mikate kasimama katikati ya sebule. Kafumba macho. Kavuta pumzi ndefu. Kasema kazunguka nyumba kumi na moja mji mzima, zote upepo, upepo, unga hauumuki. Kumbe joto zuri namna hii lipo hapahapa! Kisha kauliza kama huko juu pana nafasi ya kuweka magunia.

Magunia! Chumbani kwangu! Chini ya dirisha langu!

Nimezirai kidogo. Mkoba kanimwagia yale maji ya sufuria, bahati nzuri moto ulishazimika na yalikuwa yameshapoa.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimepata wazo. Sijawahi kupata kama hili.

Shangazi alinipa kopo la rangi ya buluu nipake fremu za madirisha zipendeze machoni pa wateja. Fremu nimeziacha. Nimepanda ngazi asubuhi mapema, nikaandika ukuta wa mbele, herufi ndefu kama mkono wangu: NYUMBA HII HAIUZWI. Herufi ya mwisho imebanwa na bomba la maji lakini inasomeka. Kila mtu anajua ukuta ukisema hivyo una maana gani. Ndugu hawaelewani. Kuna kesi. Mnunuzi, pita mbali.

Shangazi yuko kwa rafiki yake mpaka kesho. Akirudi nitamwambia ni wahuni.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Loo.

Saa mbili asubuhi nafungua mlango, watu sita! Mkoba kawapanga foleni. Nimemsikia kwa masikio yangu akiwaeleza kwamba nyumba mbovu ndiyo huandikwa inauzwa. Hii imeandikwa haiuzwi kwa sababu wenyewe wamechoka kusumbuliwa. Sasa jiulizeni, kasema, wanasumbuliwa kwa lipi? Watu wakatikisa vichwa. Mwanamke mwenye saluni alikuwa anaupiga picha ukuta. Muuza mabati kasema kama kuna kesi si neno, mkwewe ni wakili na anashinda nyumbani tu.

Nikatoka, nikawaambia ni kweli haiuzwi. Mkoba kawageukia, kasema mnaona?

Mwoka Mikate alipoiona foleni akapandisha bei palepale. Mwenye saluni naye. Nikapaza sauti: haiuzwi! Wakapandisha tena. Kila nikikataa wanazidi. Niliponyamaza ndipo walipotulia, lakini nilichelewa kuligundua hilo. Shangazi kafika katikati ya mnada. Kausoma ukuta. Kaviangalia vidole vyangu, buluu mpaka viwikoni. Habari ya wahuni nikaimeza. Shangazi kaingia ndani akaketi, kisha akaagiza aliyetaja bei ya mwisho apite.

Alikuwa Mwoka Mikate.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Karatasi zilitiwa saini Ijumaa. Leo nimejua yaliyobaki. Heri nisingejua.

Shangazi kaniita jikoni. Kaniambia yule mwalimu mkuu walikwisha kukubaliana zamani. Kwa bei ya chini, tena chini sana, kwa sharti moja tu: yule wa chumba cha juu abaki. Akae humo maisha, bila kodi, amtengenezee mama wa watu mabomba na feni, na nyumba isiwe na mtu mmoja. Mama alikubali kwa moyo mweupe. Alitaka tu amwone huyo bwana uso kwa uso. Ndiyo maana ya shati safi.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Kasema wewe ukijua kitu umeshakipata, hata shuka hufui.

Kisha kauliza, polepole, nani aliyemwambia yule mama kwamba mtu wa juu anaiba vijiko. Shangazi maneno hayo ameyasikia kwa rafiki yao mmoja.

Nikasema labda Mkoba.

Shangazi kafungua droo. Kavihesabu mezani, kimoja kimoja. Kumi na viwili. Kavirudisha kimoja kimoja. Kasema hakuwa na kingine cha kuniachia zaidi ya chumba kile. Nimepanda juu, nimesimama dirishani. Nimelia. Naandika hivyo bila aibu, nimelia mpaka kamasi.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Nimepiga moyo konde. Nimekwenda kwa Mama Mwalimu kumwambia ukweli wote. Kanunua nyumba nyingine, mtaa wa nyuma, ina mlango wa kijani. Nimevaa shati safi. Kofia sikuvaa wala miwani. Njia nzima nimekuwa nikikariri: Mama, yule mtu wa chumba cha juu ni mimi.

Nikabisha hodi. Hata sijafungua mdomo vizuri, kanijua kwa sauti. Ni yule msaidizi mkweli! Kanishika mkono, kaniketisha, kanipa chai. Kasema kila siku ananiombea dua kwa kumwokoa na yule mlevi. Kauliza jambazi yule kaishia wapi.

Nikasema amehama.

Kashukuru Mungu. Kisha kasema nyumba hii ni kubwa kwa mtu mmoja, na huko juu ana chumba kitupu. Anatafuta mtu mwaminifu wa kukaa humo. Hataki kodi, anataka ukweli tu. Kaniomba nikaangalie.

Nimekwenda kuangalia. Kuna dirisha. Bahari inaingia yote, na kisiwa kidogo upande wa kushoto ambacho kule kwetu hakikuwa kinaonekana.

Jumamosi, tarehe 29 Machi

Nimehamia. Shangazi kasafiri jana. Tumeagana kituoni, kanikumbatia, kaniambia nijitunze. Nimemwambia nimepata chumba kwa mama mmoja, mtu mzuri. Kafurahi sana. Sikumtaja jina, na yeye hakuuliza.

Maisha hapa ni raha. Bomba la jikoni nimelitengeneza, feni mbili zinazunguka. Mama ananitambulisha kwa majirani kuwa mtu mkweli kuliko wote mjini. Shida ni ndogo tu. Sinywi, siimbi, nyundo natumia kwa kuvizia. Na Mkoba akipita barabarani najificha nyuma ya pazia, maana yeye ananijua. Chumba changu cha zamani kimejaa magunia. Nimekiona kutoka nje. Sikusimama.

Nimejifunza mengi mwezi huu. Kubwa kuliko yote: uongo haulipi. Nimeliandika kwa herufi kubwa na kulibandika juu ya kitanda.

Jumatatu, tarehe 31 Machi

Msiba!

Mama kaniita leo anatabasamu. Yule mkunga aliyeuza nyumba kampigia simu, wamezungumza saa nzima, wamepatana. Kuna mambo ya zamani yanamkereketa, anataka wayaongee ana kwa ana. Anarudi kutoka bara Jumamosi kunywa chai hapahapa, akae mpaka jioni. Mama kafurahi. Kaniambia lazima nionane naye, tutapendana.

Nimewaza kutwa nzima. Nikaigeuza ile karatasi ya juu ya kitanda iangalie ukuta. Shangazi wangu nampenda, na hili limeniuma kweli. Lakini dirisha ni dirisha.

Nimemfuata Mama jikoni. Nikashusha sauti. Mama, nikasema, usinitaje. Mkunga yule namjua. Mtu wa watu, ila mkono wake mwepesi. Vijiko vyako viko vingapi?

Mama akaketi. Kasema kumi na viwili.

Nikamwambia avihesabu tena Jumamosi, mgeni akishaondoka. Atakuta tisa. Vitatu nimeshaviweka chini ya godoro langu, nisije nikasahau.